Ukiambiwa gesti ipo "karibu na stesheni" Dar, uliza kwanza stesheni ipi

Sisi watu wa kusini treni tunaionaga kwenye simu tu. Mimi nimezaliwa Ligula, nimekulia Chikongola hapa Mtwara mjini, na mpaka nagonga miaka thelathini na moja sikuwahi kukanyaga behewa hata la maonyesho. Babu yetu alikuwa anatuhadithia kwamba zamani huku kulikuwa na garimoshi la Waingereza, la ule mpango wao wa karanga, linatoka pwani linaenda mpaka Nachingwea, sisi tukawa tunasema mzee kaanza kutunga. Kumbe kweli bwana. Karanga ziligoma, mpango wenyewe ukafutwa 1951, reli ikajikokota miaka kadhaa ikabeba beba vitu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Sasa hivi tunasubiri ya Mtwara kwenda Mbamba Bay, ipo kwenye mipango toka nasoma, tunasubiri tu.

Ndo maana mdogo wangu alipotuambia mahafali yake UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, ni Novemba, mama hata hakuuliza sare ya rangi gani, aliuliza "tutapanda mchongoko?" Kaishaona video, ile treni ya umeme yenye pua ndefu, kwenye magrupu ya whatsapp walikuwa wanarushiana sana. Na msimu huo hela ya korosho iliingia mapema kidogo, mnada wa kwanza haukuwa mbaya, nikaona ah, mama yangu kalima mikorosho hiyo toka tukiwa wadogo, akitaka treni apande treni.

Sasa hapa ndo mahesabu yanaanza. Basi likitoka Mtwara saa kumi na mbili asubuhi, kama njia ni nzuri (na ile sehemu ya Somanga iliyokatwa na mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024 haijaleta maneno tena) unaingia Mbagala Rangi Tatu saa kumi jioni hivi au kumi na moja. Treni tuliyoipata ya Dodoma inaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwahiyo usiku mmoja Dar lazima ulale, na ulale sehemu ambayo alfajiri unajikuta stesheni bila kuanza kupigana na foleni.

Najua mtasema si mna ndugu Dar, gesti ya nini. Tunao. Shangazi yupo Chamazi. Ila kutoka Chamazi saa tisa usiku na mama na mabegi na kapu la korosho ni safari nyingine hiyo, alafu kwa shangazi hauendi mikono mitupu, unabeba ming'oko, unabeba samaki, unaacha hela ya mboga, alafu ukisema unaondoka kesho alfajiri ni kesi mpaka ndugu wote wa Masasi wanasikia. Ukipiga hesabu vizuri gesti ya elfu arobaini ni nafuu kuliko shangazi. Asisome hapa tu.

Basi nikaingia kwenye zile app za kuweka oda za hoteli, nikaandika Dar es Salaam, nikachuja bei ya chini, nikatafuta karibu na stesheni ya treni. Ikaja moja nzuri tu, picha safi, shuka nyeupe, taulo zimekunjwa kama bata, elfu arobaini na tano na chai, "mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka stesheni ya reli". Nikasema Alhamdulillah, nikabonyeza.

Siku ya siku tumefika Rangi Tatu saa kumi na moja kasoro, nikamwonyesha dereva wa bajaji ile ramani kwenye simu, akasema twende, tukaenda. Barabara imejaa malori ya makontena mbele nyuma, mama anauliza "bandari imehamia huku?" Tukafika. Chumba kweli kipo vile vile kama picha, sina ubaya nao. Naandika jina kwenye daftari la wageni, unakotoka, unakoenda, nikaandika Dodoma, dada wa mapokezi akasoma akaniangalia. "Mnaenda na nini?" Na treni, ya saa kumi na mbili. Akamgeukia mama kwa adabu kabisa, "mama, treni ya umeme haipandiwi hapa. Hapa ni TAZARA."

Jamani.

Na hawakudanganya, ndo kinachoniuma mpaka leo. TAZARA ni stesheni ya reli, tena kubwa, jengo la Wachina la miaka ya sabini, na kweli ni dakika kumi kwa mguu. Ila ile ni reli ya kwenda Mbeya na Zambia mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, haina uhusiano na Dodoma kabisa, hata upana wa reli zake ni tofauti na zile nyingine. Ipo pale kwenye makutano ya barabara ya Nyerere na Mandela, penye ile flaiova ya Mfugale, na kutoka pale mpaka stesheni ya SGR, hiyo reli mpya ya treni ya umeme, kule mjini ni kama kilomita sita. Sita sio nyingi mchana. Saa kumi alfajiri na mtu mzima wa miaka sitini na nne ambaye anaamini treni itaondoka mapema makusudi ili imwache yeye, ni nyingi mno.

Tulilala palepale, mana mama miguu ilikuwa imevimba na hela wameshachukua. Kulala nako ni namna ya kusema, malori ya Mandela hayalali. Saa tisa na nusu mama kashavaa kakaa kitandani na pochi mkononi. Chai ya bure inaanza saa moja asubuhi kwahiyo hatukuiona, mlinzi alichukua dakika ishirini kutafuta funguo ya geti, bajaji elfu kumi na mbili kwasababu alituona sura zetu. Tukafika bado usiku, tukakuta foleni ya watu kwenye ukaguzi, mabegi yanapita kwenye mashine kama airport, wanalinganisha tiketi na kitambulisho. Hapo ndo utajua kwanini unatakiwa ulale karibu, ukifika kumi na mbili kasoro kumi hilo geti umeshafungiwa, sio basi la Mtwara hili la kusema simama konda kuna mtu anakuja.

Treni yenyewe siielezi leo, mama ataandika blogu yake. Elfu thelathini na moja kila mtu, ile ya kawaida inayosimama vituoni, masaa kama manne hivi tupo Dodoma. Hata mchongoko haukuwa, tulipata yenye kichwa cha kawaida, alinuna mpaka Ngerengere.

Nilichokuja kujifunza ni kwamba Dar mtu akikwambia "stesheni" kuna angalau vitu vitatu anaweza kuwa anamaanisha. Kuna Stesheni yenyewe ya mjini, ya zamani, ya reli ya kati, ile Wajerumani walianza kuijenga 1905 ikafika Kigoma 1914. Jirani yake ndo hiyo ya SGR, lile jengo la vioo lililochongwa kama jiwe la tanzanite, huwezi kulikosea, ndo ya kwenda Moro na Dodoma. Alafu TAZARA, mbali huko. Na ukitaka kuongeza kuna stesheni ya SGR ya Pugu, ambayo treni za kawaida zinasimama, zile za haraka zinapitiliza. Kwa hiyo mtu mwenye ndugu Gongo la Mboto au Pugu anaweza kulala hukohuko na kupandia huko, mjini asiguse. Zile app hazijui haya yote, zenyewe zinajua "reli" basi. Usiamini maneno ya "karibu na", fungua ramani uone jina la mtaa, ukiona Gerezani, Kariakoo, Mnazi Mmoja, Kisutu au Posta hapo upo salama kwa SGR. Ukiona Vingunguti, Yombo, Buguruni, Chang'ombe, hiyo ni ya mtu wa Mbeya.

Na mtu wa Mbeya asinielewe vibaya, kama unapanda ya TAZARA basi lala huko huko, bei ni rahisi kuliko mjini na uwanja wa ndege nao upo barabara hiyohiyo. Nenda na pamba za masikio tu.

Sasa kurudi ndo tulipata akili. Tumeshuka SGR saa tatu na kitu usiku, sijaweka oda popote, nilisema safari hii natafuta kwa miguu na kwa macho yangu. Ukitoka tu nje wanakudaka vijana, "dada gesti, dada gesti, self ipo hapahapa" (self ni chumba chenye choo na bafu humohumo). Usiende nao. Sio wezi, wengi wanatafuta riziki, ila pale mapokezi watapewa elfu tano yao na hiyo elfu tano inatoka kwako. Sema asante ndugu yangu nina mwenyeji, tembea kama unajua unakoenda.

Mama akauliza Mtaa wa Lindi uko wapi. Kuna mtaa unaitwa Lindi huko Kariakoo na Gerezani, kama ulikuwa hujui, na yeye ana shemeji yake alishawahi kupanga hapo enzi za Mwinyi kwahiyo kwake ni kama nyumbani. Mi nikamwambia mama jina la mtaa halikupunguzii bei. Akasema twende.

Ya kwanza tuliyoingia, kijana wa mapokezi hajainua hata macho kwenye simu, akauliza "mnalala au mnapumzika?" Mama akawahi, "tunapumzika baba, tumechoka." "Kupumzika elfu kumi, kulala elfu thelathini." Mama akanigeukia kwa furaha, "kumbe kupumzika ni rahisi, si tupumzike tu?" Mi nilitamani ardhi ipasuke. Nilimshika mkono tukatoka nje, nikamweleza kwa upole maana ya kupumzika kwa lugha ya gesti, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya duka la mtu. Amehadithia hiyo kwenye kila msiba na kila ngoma toka turudi.

Lakini pia ni kipimo kizuri kile. Gesti wakikuuliza hilo swali mlangoni, jua usiku kucha milango itakuwa inafunguliwa na kufungwa, viatu vya visigino koridoni, mziki. Ukiwa na mzazi au watoto pita mbele.

Ya pili elfu ishirini na tano, pasafi, ila dirisha ukilifungua unakutana na ukuta wa jirani, unaweza kuupapasa. Kariakoo kuna vyumba vingi vya hivyo, nyumba zimebanana, dirisha lipo kwa heshima tu. Feni inazungusha joto lilelile. Maji kwenye ndoo, "yatakuja saa kumi". Hapana.

Ya tatu ndo tukalala. Ipo jirani na msikiti, bango la mapokezi limeandikwa pombe hairuhusiwi na wageni wa mgeni wanaishia hapohapo kwenye benchi. Self, kitanda kipana chenye chandarua, tv ndogo, maji yanatoka kweli (nilifungua bomba kabla sijatoa hela, na nilivuta flashi ya choo, fanyeni hivyo msione aibu), elfu thelathini na tano kwa feni na arobaini na tano ukiwasha AC. Yani chumba ni kilekile, tofauti ni rimoti. Ukilipia ya feni hawakupi rimoti. Tulilipa thelathini na tano, nikaomba elfu tatu ya maji ya kunywa ipungue, mama akaongea kimwambao chake cha Mikindani na yule baba wa mapokezi, ikaisha thelathini na mbili na chupa mbili za maji.

Tatizo lake ghorofa ya nne na lifti hamna. Nilisahau kuuliza! Hilo ni swali la pili baada ya bei kama una mtu mzima, na wao hawasemi mpaka umelipa. Bahati mlinzi alikuwa mtu wa Newala, aliposikia tunaongea akamwita mama "shangazi", akabeba begi lote mpaka juu, kwa utani akasema Wamakonde wa pwani mmelegea. Mama alimpa korosho nusu kilo. Na yule mlinzi ndo akanifundisha kitu ambacho sikuwa nakifikiria. Geti linafungwa saa sita usiku, ukiwa na safari ya alfajiri mwambie mlinzi toka jioni, sio mapokezi, mlinzi mwenyewe, na muulize atalala upande gani. Nikakumbuka zile dakika ishirini za TAZARA.

Kunguni: kabla ya kuweka begi kitandani inua kona ya godoro upande wa kichwani, piga tochi ya simu kwenye mishono. Ukiona vidoti vyeusi vyeusi toka, hata kama ni saa sita usiku. Begi usiliweke chini ya kitanda, litundike. Sisi mama alifanya ukaguzi kama anakagua shule, akapitisha.

Faida ya msikiti jirani ambayo sikuiona kwenye app yoyote ni kwamba adhana ya alfajiri inakuamsha bure. Novemba inaingia kabla ya saa kumi na moja, kwa mtu wa treni ya kumi na mbili hapo unatakiwa uwe umeshavaa viatu, lakini hata simu ikizima chaji huachwi. Na kutoka pale Gerezani mpaka stesheni tulitembea mwenyewe tukapima siku hiyo ya kurudi, robo saa na mama akisimama kuangalia bei za vitenge vilivyofungwa. Usiku sana au alfajiri sana usitembee na mizigo lakini, chukua bajaji, ni elfu tatu mpaka tano, na bei mnakubaliana kabla ya kukaa.

Kama Kariakoo imekuzidi kelele kuna upande wa Kisutu na Posta, ukipita Mnara wa Saa ni hapohapo na stesheni haiko mbali. Pale Posta kuna YWCA, nyumba ya siku nyingi, vyumba vya kawaida bila mbwembwe, rafiki yangu mwalimu wa Lindi hulala hapo kila akija semina na hajawahi kulalamika, na yeye ni mtu wa kulalamika. Bei za upande huo zinapanda kidogo, ila ukipiga simu mwenyewe badala ya kupitia app mara nyingi inashuka, mana app nayo ina mgao wake. Mimi siku hizi natumia app kuangalia picha na maoni ya wabaya (yale ya nyota moja ndo yana ukweli, hasa yakirudia neno moja, "maji", "kelele", "maji"), alafu nachukua jina naenda kupiga simu.

Kitu kingine kwa watu wetu wa kusini. Siku ya kurudi Mtwara kwenyewe hauna haja ya kulala mjini kama treni haikuchelewesha, gesti zipo tele Mbagala, tena rahisi, na basi unapandia hapohapo Rangi Tatu asubuhi. Sisi tulilala Kariakoo kwasababu mama alitaka vitenge. Asubuhi alinunua, akarudi akakuta tunatakiwa kutoka chumbani saa nne kamili la sivyo tunalipia siku nyingine, akashuka zile ghorofa nne mara mbili bila kulalamika hata kidogo, vitenge vina nguvu.

Tumefika nyumbani, jirani yetu mama wa duka naye ana mtoto Morogoro, akaja kuuliza tulilala wapi. Mama akampa namba ya simu ya ile gesti, akamweleza chumba, maji, msikiti, mlinzi wa Newala, kila kitu. Nikamwambia mama hujamwambia ni ghorofa ya nne. Akaniambia nyamaza, mimi nani aliniambia.